Mvua ya Vijiti

Nilifika Lunyo Jumamosi alasiri, mvua imekatika muda si mrefu, na nyumbani kwa mama mkwe hapakuwa na mtu. Mbuzi tu, na sufuria iliyofunikwa. Halafu nikasikia vijiti nyuma ya jiko, ko-ko, ko-ko, nikajua wote wako kwenye kichuguu.

Mkononi nilikuwa na gambuti nyekundu, viatu vya mvua vya Ajambo, binti yangu, na mfukoni ufunguo wa chumba nilichopanga Malaba. Jumatatu muhula unafunguliwa. Mimi ningeanza kufundisha chekechea, yeye angekaa darasani mwangu, mstari wa mbele. Nilikuja kumchukua.

Nilimwacha hapa akiwa na miaka mitatu na nusu. Baba yake, Paddy, alikuwa amepanda lori kwenda Juba na simu yake ikazimika huko huko. Mchana nilikuwa nauza chai na chapati kwenye foleni ya malori, jioni nasomea ualimu wa watoto wadogo. Siku ya kumwacha alinishika gauni, nikamwambia, "Mvua ikinyesha, kumbikumbi wakianza kuruka, nitakuja tuwakamate pamoja." Nilitaka tu aniachie gauni. Ikanyesha ya Machi, nilikuwa na mtihani. Ikanyesha ya Septemba, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nawaimbisha watoto wa watu wimbo wa mvua. Malaba na Lunyo si mbali. Hilo ndilo linaloniuma: si mbali.

Kichuguu walikuwa wamekifunika kwa fito na blanketi kuukuu, na upande wa chini wamechimba shimo dogo wakatia sufuria humo. Mama mkwe, ambaye watoto wote wanamwita Kukhu, alikuwa ananyunyiza maji kwa kikombe. Wifi yangu Sandra na Ajambo walikuwa wanapiga vijiti juu ya kipande cha ubao, ili wadudu walio chini wadhani bado inanyesha, watoke.

"Haa! Wifi!" Sandra alipaza sauti bila kuacha kupiga. "Kumbe hata Malaba mvua inafika! Sisi tulidhani kule mnafunika mbingu kwa maturubai ya malori."

"Niache, wifi, nimechoka na njia."

"Njia gani? Hii ya saa mbili, au ile ya mwaka na nusu?"

Kukhu akamkata jicho. Ajambo aliweka vijiti chini. Alikuwa amerefuka, magoti yamejaa udongo. Nilifungua mikono. Yeye akapiga magoti palepale kwenye tope, mbali kidogo nami, akanyoosha mkono kwa adabu kabisa.

"Karibu," alisema. "Habari ya huko?"

Hivyo ndivyo watoto wa huku wanavyofundishwa kusalimu wageni.

Nilimvisha gambuti. Kidole gumba kikagota mbele, kisigino kikakataa kuingia. Nilikuwa nimezinunua kwa kipimo cha unyasi niliouvunja sawasawa na mguu wake siku ile ya kumwacha. Unyasi wenyewe niliutunza ndani ya daftari la masomo.

"Ni za mtoto mdogo," Ajambo akasema, akanirudishia.

Basi nikaokota vijiti nipige naye. Chuoni walitufundisha kwamba mtoto aliyejitenga utampata kwa mchezo. Nikapiga kwa nguvu, kwa bidii, kama mtu anayesahihishwa.

"Si hivyo," akasema. "Wewe unapiga haraka. Ukipiga haraka wanajua unawadanganya."

Sandra alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu amefundishwa leo!"

Hata mimi nilicheka. Kukhu hakucheka. Aliniomba nimsaidie kuchota maji, na tulipofika kwenye pipa akasimama.

"Mama Ajambo, nakuambia kitu, lakini usilie mbele yake. Mwezi wa kwanza mwaka huu, jua kali, nyasi yote imekauka, huyu mutoto alimaliza maji yangu ya kunywa. Anamwaga kwa kichuguu. Anapiga vijiti toka chai ya asubuhi mpaka chakula. Nikamwambia, wewe, kumbikumbi gani anatoka na jua hii? Akasema, 'Siyo kumbikumbi nataka.' Ndio nikaona haangalii shimo. Anaangalia barabara."

Nilishika ukingo wa pipa.

"Siku nne. Mikono ikatoka malengelenge. Siku ya tano akaniletea vile vijiti niwashe moto. Akasema, 'Kukhu, kumbikumbi wanadanganyika. Mama hadanganyiki.'"

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu mtoto wa miaka minne, anajua nini, anaogopa nini. Nimezifanyia mtihani na nikafaulu.

Jumapili baada ya kanisa nilimkalisha barazani. Nilimweleza habari za darasa, kuta zenye picha za tembo, uji wa saa nne, chumba chetu chenye dirisha linaloangalia reli. Alisikiliza mpaka mwisho, vizuri tu, kama mtu anayehadithiwa habari za watoto wengine.

"Utakwenda nami?"

Alifikiri. "Mvua nyingine," akasema. "Mvua ikinyesha, nitakuja."

Sauti ilikuwa yangu. Ileile niliyoitumia nilipotaka kuachiwa gauni.

"Mutoto ni wako," Kukhu alisema kutoka mlangoni. "Mubebe. Atalia mpaka Busia mjini, halafu atanyamaza."

Bodaboda alikuwa anangoja. Nilijua angenyamaza kweli. Nilikuwa nimeuona unyamavu wake jana, kwenye tope, na mkono ulionyooshwa kwa adabu, na sikutaka kuupakia kwenye pikipiki niuite ushindi.

Nikachuma unyasi, nikapiga magoti mbele yake. "Nipe mguu."

Alinipa. Nikaukata unyasi pale kidole kinapoishia.

"Nitarudi Jumamosi."

"Ikinyesha?"

"Inyeshe isinyeshe. Jumamosi. Na Jumamosi inayofuata. Mpaka siku utakayosema twende."

Aliingia jikoni akatoka na kumbikumbi wa kukaanga, wamefungwa kwenye jani la mgomba. Lile ni fungu la wageni, mimi mwenyewe nimelifunga mara nyingi katika nyumba hii. Nikalipokea kwa mikono miwili.

Tulipofika njia panda niligeuka. Wingu lilikuwa limefunga tena upande wa Majanji, na Ajambo amesharudi kwenye kichuguu chake, anapiga taratibu, ko-ko, ko-ko, mpigo wa mtu anayeijua kazi. Nikamwambia wa bodaboda asimame kidogo. Nilingoja ainue kichwa.

Alikuwa anaangalia shimo.