Mifuko ya Bi Mkasi

Wateja walimwita Bi Mkasi kwa sababu mkasi alikuwa nao ila hakuutumia. Uzi aliukata kwa jino la mbele, tak, na shati likawa tayari. Fizi zilipoanza kutoka damu alisingizia mswaki, akauweka kando. Halafu jino likaanza kucheza, uzi ukawa unateleza badala ya kukatika, na mdogo wake kwenye cherehani ya pili akacheka, akasema mkasi wa mdomoni umelegea skrubu.

"Cheka tu. Likidondoka nitaitwa Bi Pengo, na wewe utakuwa mdogo wake Bi Pengo."

Alitania, lakini roho ilikuwa juu. Jina la Bi Mkasi ndilo lililojaza duka.

Akaenda hospitali. Daktari wa meno, binti mwenye mkono mwepesi, alipitisha kijiti cha chuma pembeni mwa kila jino, kisha akamwambia kuwa fizi zake zina mifuko, tena mirefu.

Bi Mkasi akainuka kitini. "Mwanangu, mifuko nashona mimi. Hii kanishonea nani?"

Daktari alicheka hadi barakoa ikatikisika. Akamwonyesha picha: ugaga, uchafu uliogandamana na meno, ulijibanza chini ya fizi, fizi ikaachana na jino, na humo ndani mfupa unaolishika jino ukawa unaliwa. Ulioliwa haurudi hivi hivi, alisema, ila uliobaki bado unaweza kuokolewa.

Hilo halikumpiga chenga. Mfuko usiokung'utwa hujaa makapi, hata wa suruali mpya.

Basi akapigwa ganzi, akakwanguliwa ugaga mpaka kwenye mizizi. Mfuko wa jino la mbele ulikaidi, ikabidi fizi ifunguliwe, isafishwe, ishonwe. Ganzi ilipoisha aliomba kioo.

"Mshono mzuri, daktari. Ila mafundo umeyaacha nje."

"Nitayatoa wiki ijayo, mama."

"Aa, kumbe ni bandi, mshono wa kufumuliwa baadaye. Ungesema mapema."

Jino likatulia. Sharti la daktari lilikuwa mswaki asubuhi na usiku, kurudi kusafishwa, na uzi usilikaribie tena.

Shati la kwanza lilipokwisha, mkono wake ulishapeleka uzi mdomoni. Mdogo wake akakohoa. Bi Mkasi akauteremsha, akautoa mkasi kwenye droo, akajaribu kukata. Uzi ukateleza.

Akaligusa jino kwa ulimi. Halichezi.

"Mdogo wangu," akasema, "nipe bisibisi. Kweli mkasi umelegea skrubu."