Kokoto Kwenye Marumaru

Tangu macho yalipomzimikia, Raheli aliiona nyumba yake kwa nyayo. Nyumba yenyewe iko Migambo, juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo ukungu hushuka kutoka msitu wa Magamba ukaingia ndani bila kupiga hodi. Sakafu aliimwaga marehemu mumewe, Stephano, aliyekuwa mpasua mbao wala si fundi wa saruji, kwa hiyo ilipanda na kushuka kama milima ya nje. Chini ya dirisha palikuwa na kibonde. Mlangoni pa chumba cha kulala palikuwa na mahali pa kukwaruza, maana siku ile saruji iliwaishia wakamalizia na mchanga. Ufa mmoja ulianzia kizingitini ukaenda hadi mezani, na Raheli aliufuata kwa kidole gumba cha mguu, kikombe cha chai mkononi kimejaa, asimwage hata tone.

Fimbo alikuwa nayo, ila ile ilikuwa ya kwendea kanisani.

Binti yake, Evelina, anauza machungwa na viungo sokoni Muheza. Alipopanda kuja kumwona mama, baridi ikiwa imekaza, yeye aliiona sakafu kwa macho. Aliona vumbi la saruji likitoka kila anapofagia, na nyayo za mama yake zilizopasuka kwa baridi.

"Mama, nakuwekea marumaru," alisema. "Nyumba nzima. Itang'aa."

Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, kama zamani alipokuwa akirudi shule na matokeo mazuri. Raheli akafungua mdomo aseme jambo, kisha akalimeza.

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Maboksi yalipanda na lori kutoka Mombo, kona baada ya kona, na pamoja nayo akaja fundi, Idrisa, mtu wa Mlola, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Wakaingia kwenye Kishambaa, wakaulizana habari za nyumbani, za mahindi, za mvua, mpaka chai ikapoa.

Idrisa alianza na sebule. Raheli alihamia jikoni, kibanda cha nyuma, akakaa kando ya moto akisikiliza. Kwanza patasi, ikiichonga sakafu ya Stephano ili saruji mpya ishike. Kila pigo alijua limeangukia wapi. Hapo ni kibonde cha dirishani. Hapo ni ule ufa. Halafu mwiko ukilainisha, halafu nyundo ya mpira, tu, tu, tu, kama moyo wa mtu aliyelala. Moshi wa kuni ulimzunguka, naye akasinzia, akaota anatembea juu ya wingu, na wingu halina mwisho.

Siku sebule ilipokauka, Evelina alimshika mkono.

"Vua kandambili, mama. Kanyaga usikie."

Raheli akakanyaga. Baridi, laini, sawasawa. Akapiga hatua nyingine, ikawa ileile. Akauachia mkono wa binti yake, akaenda kama alivyokwenda miaka yote, kuelekea mezani. Alikwenda, akaenda, na meza haikufika. Miguu iliuliza na sakafu haikujibu. Akahisi kama yumo ndani ya maji yasiyolowesha. Mwishowe mkono wake ukagusa ukuta, na hakujua ni ukuta upi.

"Eve," aliita taratibu. "Niko wapi?"

Idrisa aliweka mwiko chini.

"Upo ukutani kwa baba, pale picha yake ilipokuwa," Evelina alisema. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Ningekuambiaje?"

"Ungesema tu! Ungesema, Evelina, acha!"

"Na wewe ungeacha, halafu ungerudi Muheza na huzuni." Raheli akacheka kidogo, ila mkono haukubanduka ukutani. "Nitazoea. Nizoeze polepole."

Hakuzoea. Alikaa kitini karibu na mlango, mahali alipoketishwa, na chai aliletewa. Mchana alisinzia, na kila aliposinzia nyumba ilielea, ikang'oka kwenye mlima, ikapita juu ya kabichi na miti ya plamu, na yeye ndani yake akitafuta mlango. Akiamka aligusa kiti kwanza kwa mikono yote miwili.

Idrisa alipofika kuanza chumba cha kulala na ujia, alimkuta Raheli amesimama ujiani, peku, juu ya kipande cha mwisho cha sakafu ya zamani. Amesimama tu, anakisugua kwa unyayo.

"Mama, nikiacha hapa bila kuweka?"

"Ujia peke yake utanifikisha wapi, baba? Mimi nahitaji njia ya kupita sebuleni." Nje kijito kilisikika bondeni, mvua za usiku zilikuwa zimekijaza. "Zile kokoto za kijitoni. Zile za mviringo. Huwezi kuzipanda katikati ya marumaru, ukanifanyia kijia?"

Idrisa alifikiri. "Naweza. Nakata marumaru kwa grenda, naacha mfereji mwembamba, napanga kokoto ndani ya saruji. Lakini niambie kijia kinapita wapi. Sakafu yako nimeshaifunika."

Raheli akataka kusema, akakuta hajui. Njia ilikuwa miguuni, haikuwa kichwani, na miguu ilikuwa imenyang'anywa.

Ndipo Evelina akavua viatu. Alizaliwa katika nyumba ile. Alijifunza kutembea juu ya sakafu ile, miaka ambayo umeme ulikuwa bado haujapanda Migambo na jioni walitembea gizani kuokoa mafuta ya taa. Alisimama kizingitini, akafumba macho.

"Nifuate na chaki," alimwambia fundi.

Akatembea. Mwanzo aliona aibu, mtu mzima na macho yake. Kisha kitu kikalegea ndani yake. Aliinua mguu akaruka ufa ambao haupo tena. Akashuka kibonde ambacho hakipo, goti likakunjika kidogo kukipokea. Idrisa alitambaa nyuma yake akichora, na Raheli akasikiliza hatua, kichwa kikimwelekea.

Katikati ya sebule Evelina akapinda. Hapakuwa na kitu, ila alipinda, akazunguka, akarudi kwenye mstari.

"Hapo umefanya nini?" Raheli aliuliza.

Evelina alifumbua macho. Alitazama sakafu tupu inayong'aa.

"Nimempisha baba," alisema. "Mkeka wake. Alipokuwa anaumwa, alikuwa analala hapa ili alione dirisha."

Ukungu ukaingia mlangoni, mweupe, ukakaa nao.

"Nami nampisha," Raheli alisema. "Miaka yote hii. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Idrisa alikuwa bado amepiga magoti, chaki mkononi. "Ninyooshe hapa, mama, au nipinde?"

"Pinda, baba."

Evelina alikwenda kijitoni na ndoo, akachagua kokoto moja moja, akizijaribu shavuni kama ni laini. Grenda ililia, vumbi jeupe likajaa nyumba nzima, Idrisa akakohoa na kupanga. Alipomaliza alifuta saruji kwa sponji, akaomba maji ya kunawa, akaaga kabla ya swala ya alasiri.

Asubuhi ya Evelina kurudi Muheza, jua lilikuwa limetoka. Raheli alisimama mlangoni peku, akanyoosha mguu, akazigusa kokoto. Hazikuwa ule ufa. Zilikuwa jambo geni, la mviringo, lenye kutekenya. Akacheka. Alizifuata polepole mpaka pale kijia kilipopinda, na hapo hakuzunguka. Alisimama, akainama, mkono ukatangulia, akaketi chini, pale palipokuwa na mkeka. Marumaru zilikuwa zimelala kwenye jua la dirishani tangu lilipochomoza.

"Eve! Njoo. Kumbe zinashika joto."

Evelina aliweka mkoba wake, akaja, akajilaza, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Mkono wa Raheli ukampapasa nywele. Wakasikia huko barabarani gari la kwenda mjini likipiga honi, likasubiri, likapiga tena.

"Gari lako," Raheli alisema.

"Nalisikia," Evelina alisema, na hakuinuka.