Nyanya Zilizokimbia Kivuli cha Jioni

Mimi nikiona mteja, nageuka kuangalia mgomba. Sijui mgomba hunisaidia vipi, lakini ndivyo nilivyo. Kwa hivyo anti Waithira aliponitoa kwetu Gatuanyaga nimsaidie kwenye kitalu chake cha miche hapa Mwihoko, kando ya barabara, asubuhi nilikuwa mfanyakazi hodari na jioni nilikuwa mtoro.

Jioni ndipo watu hutoka kazini. Wananunua miche ya sukuma wiki na nyanya, halafu lazima waombe nyongeza. "Niongeze mmoja tu, mrembo." Mwingine angekataa. Mimi nilimwongeza mzee mmoja mpaka yeye mwenyewe akaniambia inatosha.

Nikapata akili, au kitu kinachofanana nayo. Kila alasiri nilibeba trei zangu za nyanya nikazipeleka nyuma, katikati ya migomba, nikakaa nazo. Nilimwambia Waithira kwamba jua limezichosha. Trei zake zilikaa kando ya ua wa majani, zikipata kivuli asubuhi na jua jioni.

Nyanya zangu zikarefuka. Nilidhani ndiyo afya. Nikamwita Waithira aje kuona, nimesimama kama mama wa bwana harusi.

"Kanini, hizi ni nyanya ama ni tambi?" Aligusa mche mmoja, ukalala. "Hizi ndizo Janice wa Membley aliagiza! Nitamwomba asubiri, nawe upande zingine. Zikitoka hivi tena, aki mami, utarudi kwenu nitafute mtu mwingine."

Nilivuka barabara kwa Dalmas, anayeuza mbegu na dawa za kuku. Sote tunamwita daktari. Niliongea nikiangalia meza yake.

"Daktari, miche ya anti Waithira inapata kivuli, yangu pia inapata. Mbegu ni moja, maji ni yale yale. Mbona yangu ndiyo inakimbia juu?"

"Yako inapata kivuli wakati gani?"

"Jioni."

"Basi ndiyo hiyo. Mmea una saa ndani yake. Si ya mkono, usiende kuitafuta. Saa hiyo ndiyo inaamua kivuli kichukuliwe kwa uzito gani. Asubuhi ukiufunika na majani ya wenzake, haujali sana. Jioni unashtuka: kuna jirani ananizibia jua! Unaacha kunenepa, unanyoosha shingo."

"Hata mimi jioni hushtuka," nilisema, nikatamani meza inimeze.

"Lakini wewe hurefuki," alijibu.

Niliporudi niliinamisha sikio kwenye trei, huenda nikaisikia hiyo saa. Nilisikia tumbo langu tu likinguruma.

Shida ikawa hii: miche mipya ikikaa mbele kwenye jua la jioni, lazima mtu akae nayo, maana kuku wa jirani hawana huruma. Mtu mwenyewe alikuwa mimi. Siku ya kwanza nilijifanya namwagilia nisisemeshwe. Nilimwagilia hata mawe. Siku zilizofuata watu waliuliza bei nikawaonyesha kwa vidole, na mama mmoja akanionea huruma akaanza kuniongelesha kwa ishara. Sikumsahihisha. Lakini sikuondoa trei.

Janice alipokuja, miche ilikuwa mifupi, minene, imejaa majani. Alizunguka trei zote akiinama.

"Waithira, safari hii umeweka nini?"

"Muulize huyu."

Wote wakaniangalia. Masikio yakapata moto.

"Jua la jioni," nilisema.

"Hiyo tu?"

"Na kufukuza kuku."

Janice alicheka mpaka akashika kiuno, akachukua trei zote. Gari lake lilipoondoka, Waithira alinipigapiga begani.

"Huendi popote, mami. Tena nimeamua, mimi nitakuwa nikienda Thika kutafuta wateja. Jioni zote wewe ndiye wa mbele."

Nilisema asante, anti. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nusu kwa furaha, nusu kwa ile habari yenyewe.

Jumatatu jioni nilikuwa peke yangu. Mtu wa pikipiki alisimama akauliza bei ya sukuma. Nikamwambia. Hakusikia. Nikamwambia tena, kwa sauti kubwa kiasi kwamba Dalmas alitoka dukani kwake kuona ni nani anayepigana.