Dalili za Gaidi wa Timbwani

Mwanatatu binti Rashid alikwenda kwenye baraza lile kwa sababu moja tu. Mkuu wa mtaa, Mzee Mwidani, alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akionya kwamba asiyehudhuria ataandikwa jina, na mwaka ule wa hamsini na nane hapakuwa na mtu Timbwani aliyependa kuandikwa jina. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa zamani huko bara, kwenye misitu na baridi. Lakini makaratasi yake yalikwisha kuvuka hadi Likoni, nayo makaratasi yakishafika mahali hayakosi kujitafutia kazi.

Inspekta wa Kiingereza alisimama juani, uso umemuiva kama bibo, akaeleza jinsi ya kumtambua gaidi. Koplo Gershom, Mtaita mpole, alitafsiri. Gaidi, alisema, huvua shati akala nyama ya mbuzi mafichoni. Hupita mara saba chini ya tao la majani ya mgomba. Huapa kwamba hatamwambia mtu, hata mkewe. Na akikamatwa huwa hana maelezo. Atakayeona mambo hayo afike kituoni upesi, na serikali itamshukuru.

Watu wakaitikia wakatawanyika, wengi wakiwaza chakula cha mchana. Mzee Mwidani mwenyewe hakusikia hata dalili moja, kwa kuwa alikuwa pembeni akiandika majina ya wasiohudhuria. Mwanatatu alirudi nyumbani akizirudia dalili zile moyoni moja baada ya nyingine, si kwa kuwa alikuwa na mpango wowote, bali kwa kuwa alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, na kitu kilichoingia kichwani mwake hakikujua njia ya kutokea.

Nyumbani alikuwa na mpangaji, Wairimu, Mkikuyu, fundi wa cherehani. Kila Jumatatu Wairimu alipeleka kituoni pasi yake, kitambulisho cha lazima kwa Wakikuyu, ikagongwa muhuri, kisha akarudi kushona. Kakaye, Mwangi, alikuwa kizuizini mwaka wa nne, kambi ambayo hata barua hazikuijua. Wairimu hakuwa msemaji, na Mwanatatu, aliyekuwa akisema maneno ya watu wawili, alimpenda kwa hilo.

Shida ilikuwa Mzee Mwidani. Alikuja kupimwa kanzu, na wiki iliyofuata akaja kupimwa kanzu ileile, hata ikafika mara ya tano, kana kwamba mabega yake yalikuwa yakikua. Nyumbani alikuwa na wake wawili, Mwanasaumu na Nyamvula, wasiosemezana tangu miaka sita iliyopita. Mara ya sita hakutaka kupimwa. Alimwambia Wairimu achague: ama akubali kuolewa mke wa tatu, ama yeye mkuu wa mtaa ataandika barua kwamba chumbani humu watu wanalishwa kiapo.

Wairimu alimweleza Mwanatatu jioni ile huku akitunga uzi kwenye sindano. Sauti yake haikutetemeka, ila uzi ulikataa kuingia.

Kesho yake Mwanatatu alimvizia Mzee Mwidani njiani, akamwamkia kwa adabu zote na kumnong'oneza kwamba ameshasema na yule binti. Tatizo, alimwambia, wanawake wa bara mioyo yao ina kufuli. Lakini yuko mganga mwanamke kule Bofu, Kafedha, aliyefungua migumu kuliko huo. Mzee Mwidani alimuuliza mara tatu kama dawa yenyewe inauma.

Kafedha na Mwanatatu walikuwa mashoga tangu ujana wao. Alipoelezwa dawa itakavyokuwa, na mbuzi, na tao, na kiapo, Kafedha alicheka mpaka akakaa chini.

"Na wewe haya yote kakufundisha nani?" akauliza.

"Serikali," Mwanatatu akajibu.

Jumanne asubuhi, Mwanatatu alifika kituoni na kumhadithia Koplo Gershom alichosikia kinafanyika Bofu, kwa mpangilio uleule wa barazani. Gershom aliandika yote, kisha akaenda kumwita mkubwa wake. Lendrova ikapasua mikorosho na askari kumi na wawili. Walimkuta Mzee Mwidani kifua wazi, tumbo mbele, akipita chini ya tao mara ya tano, na pande la ini la mbuzi limejaa shavuni.

Inspekta alikuwa na miaka miwili pwani na hajakamata kitu ila homa. Machozi yalimlengalenga kwa furaha. Akamuuliza mzee anafanya nini hapo. Mzee Mwidani akameza ini kwa taabu, akasema hawezi kusema, ameapa. Je, mkewe anajua? Wallahi, mkewe asijue kabisa. Gershom akatafsiri neno kwa neno, na kwa kila neno Inspekta akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesikia somo lake likikaririwa.

Mwanatatu, aliyeletwa na gari lilelile kuonyesha njia, aliyatazama yote kutoka jikoni kwa Kafedha, ameuma pindo la leso asicheke. Kisha pindo likamtoka mdomoni. Askari walikuwa wakimpakia na Kafedha, na vyungu vyake, na majirani watatu waliokuja kutazama. Hilo hakulipanga.

Wairimu alizipata habari kabla ya magharibi. Mwanatatu alingoja acheke, au walau ashukuru. Wairimu aliendelea kuzungusha cherehani mpaka mshono ukaisha.

"Mama," akasema, "Mwangi alichukuliwa kwa neno la jirani. Na jirani yule alikuwa anatania."

Mwanatatu alikisogeza chakula chake upande, na asubuhi akawa wa kwanza mlangoni pa kituo. Alimwambia Gershom ukweli wote. Gershom aliufunika mdomo kwa mkono, mabega yakimruka, kisha akaacha kucheka. Inspekta, alisema, ameshapeleka habari Nairobi kwamba amemkamata kamanda wa magaidi wa pwani ya kusini. Mwenyewe mzee bado amefunga mdomo. Bila yeye kusema, habari ile hairudi.

Basi Mwanatatu akaenda kwa wale wake wawili. Aliwaeleza pamoja, chumba kimoja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita Mwanasaumu alimgeukia Nyamvula akamuuliza, "Umesikia?"

Walifika kituoni wameshikana mikono. Mzee Mwidani aliwaona kupitia nondo za dirisha, na kiapo kikamtoka chenyewe. Alisema yote: dawa, kufuli, mke wa tatu, na barua aliyotishia kuiandika. Inspekta alitaka itafsiriwe mara mbili. Alipoelewa alivua kofia, akaivaa tena. Akataka Mwanatatu ashtakiwe kwa kuidanganya serikali, lakini Gershom akamkumbusha kwa upole kwamba mama huyu alileta dalili zilezile alizofundishwa barazani, bila kuongeza hata moja.

Nyamvula aliomba mzee aendelee kukaa ndani. Ombi lilikataliwa, ingawa Mzee Mwidani mwenyewe alionekana kuliunga mkono. Alivuliwa ukuu wa mtaa siku hiyohiyo, kwa kosa la kuipotezea serikali muda. Kafedha na majirani wakaachiwa na vyungu vyao, isipokuwa kimoja kilichobaki mezani kwa Inspekta kama ushahidi. Naye Inspekta, kwa kuwa barua ya kwanza ilikwisha kwenda, aliandika ya pili kwamba kikosi cha pwani ya kusini kimevunjwa kabisa. Nairobi wakampongeza.

Mwanatatu alimpelekea Kafedha chungu kipya akamwomba radhi. Kwa Wairimu hakujua ampelekee nini, akawa anamshikia kitambaa anapokata, na kwa muda mrefu alifanya hivyo bila kusema neno, jambo lililowashangaza watu wa mtaani kuliko kukamatwa kwa kamanda.

Hali ya hatari iliondolewa mwanzoni mwa mwaka wa sitini, na miezi michache baadaye Mwangi akatokea Timbwani na mzigo mdogo wa nguo. Alikaa kibarazani siku nzima akitazama wapita njia. Jioni akamuuliza dadake kwa nini mzee yule mwenye kanzu, kila akifika karibu na nyumba hii, anavuka upande wa pili wa njia.

"Ni heshima," Wairimu akamwambia, na hapo ndipo Mwanatatu alipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza.