Futi Shingoni mwa Mdogo Mtu

Katika duka lile la kushona makoti palikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: anayekata kitambaa ndiye anayevaa futi ya kupimia shingoni. Wengine wakiitaka, wanaomba. Kwa miaka ishirini na miwili futi hiyo ilikaa shingoni mwa kaka mtu, ambaye wateja walimwita Bwana Mkasi. Kwa miaka minne sasa ilikuwa shingoni mwa mdogo wake, na kila asubuhi Bwana Mkasi alipoiona ikining'inia pale, roho ilimuuma kama mtu aliyekuta mwingine amevaa viatu vyake.

Sababu aliijua. Aliwahi kuugua akili, akaugua sawasawa. Ilianza kwa kumshutumu mkewe kwamba anamhamishia pini zake. Wiki mbili baadaye alizishusha nguo zote za wateja kutoka rafuni akazikatakata, huku akiimba. Akapelekwa hospitali, akapewa vidonge, akili ikarudi nyumbani. Lakini vidonge vilikuja na mtetemo wa mikono. Ulikuwa mdogo tu, usioweza hata kumwaga chai, ila chaki ikigusa kitambaa mstari uliyumba. Basi yeye akawa mtu wa vifungo na pindo, na mdogo wake, aliyejifunza kazi kwake, akawa fundi mkuu.

"Shemeji ana mkono, jamani," mkewe alisema siku moja alipowaletea chai. "Ona hilo bega lilivyokaa!"

"Mkono huo nilimpa mimi," akasema Bwana Mkasi.

"Basi ulijipunja, baba."

Mkewe akacheka, na mdogo mtu akacheka. Yeye akakata uzi kwa meno.

Kicheko kile kilimkaa kooni. Miaka minne hajasikia sauti, hajamshuku mtu, hajaharibu hata leso. Aliyepona anameza dawa ya nini? Hakumuuliza daktari, kwa sababu daktari angemjibu. Kesho yake kidonge cha asubuhi kiliingia katika kopo la vifungo vyeupe, ambamo hakuna aliyetia mkono isipokuwa yeye. Cha pili kikafuata. Siku ya tisa alivinyoosha vidole mbele ya dirisha, navyo vilikuwa vimetulia tuli. Nusura apige vigelegele. Hata usingizi ulikuwa umepungua, anaamka kabla ya jogoo, naye hilo alilihesabu kuwa ni nguvu.

Siku hiyo mdogo mtu alitoka kwenda kununua bitana, kitambaa kile cha ndani ya koti, akaiacha futi juu ya meza ya kukatia. Kabla mlango haujafungika vizuri, Bwana Mkasi alikuwa ameshaivaa. Mezani palikuwa na kitambaa cha kijivu cha mwalimu mkuu. Koti lilikwishakatwa lote, ilibaki mikono. Akachora, na mstari ukanyooka kama zamani. Akaukata mkono wa kwanza, akaukata wa pili, mbiombio, asije akakutwa katikati ya kazi. Kisha akavilaza vipande viwili mezani, akasimama pembeni kama bwana harusi.

Mdogo mtu aliporudi aliona futi iko wapi. Akavishika vile vipande. Akavigeuza, akavigeuza tena.

"Kaka."

"Sema tu. Leo umeuona mkono wenyewe?"

"Umekata vizuri mno. Lakini yote miwili ni ya kushoto."

Kitambaa kisipokunjwa, karatasi ya kuchorea, ile inayozungushiwa chaki, lazima igeuzwe kabla ya kuchora mkono wa pili, la sivyo yote hutoka ya upande mmoja. Ni kosa la mtu wa wiki ya kwanza, na kaka mtu alikuwa amewafukuza wawili kwa kosa hilohilo.

"Umebadilisha," akasema.

"Nimebadilisha nini? Si ndiyo kwanza naingia?"

"Umeingia umebadilisha! Wewe na shemeji yako. Mnanihamishia vitu vyangu ili—"

Maneno yalimkatikia mdomoni, kwa sababu mdogo wake hakubisha. Alikuwa akimtazama usoni, na mkono wake, taratibu, ulikuwa ukiuvuta mkasi kutoka mezani na kuupeleka nyuma ya mgongo. Siku ile ya nguo za wateja alichelewa kuuficha. Safari hii aliwahi.

Bwana Mkasi akaketi juu ya stuli. Alijitafuta ndani: huu ni wivu tu, au ni yule mgeni wa zamani anayebisha hodi, safari hii amevaa nguo za wivu? Hakupata jibu, na hilo ndilo lililomtisha. Hata ile habari ya pini, wakati ule, aliiona ni kweli tupu.

Akalivuta kopo, akalimimina mezani. Kati ya vifungo vile vyeupe, tisa havikuwa na matundu.

"Kaka, jamani!"

"Usinililie, sijafa. Nipeleke kliniki sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Na daktari nitamwambia habari ya hii mikono. Miaka minne naona haya kumlalamikia kama mtoto. Kama kuna namna ya kuipunguza dawa, au kuna nyingine, aseme yeye. Mimi kujiamulia peke yangu, basi."

"Sawa. Na mkono wa mwalimu mkuu?"

"Kimebaki kipande kule mwisho. Ukibana kinatosha." Akamsogezea chaki. "Kata wewe."

Akaivua futi. Aliishika kidogo, ikiwa bado na joto la shingo yake, kisha akamvika mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe, akaivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Usiizoee."

"Nilishaizoea, kaka."

Mdogo mtu akautia mkasi ndani ya saraka, akafunga kwa ufunguo, wakatoka. Njia nzima hadi kliniki Bwana Mkasi alitembea hatua moja nyuma, akiiangalia futi inavyochezacheza kwenye shingo ya mwenzake, na roho ilimuuma vilevile.