Kiti cha Mbele cha Landrova

Siku tuliyomzika baba, mtani wetu Ernestine aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali na kutangaza kwamba hatoki mpaka alipwe, kwa sababu shimo zuri namna ile halifai kupewa mtu mvivu kama Gervas. Padri akasubiri. Kaka yangu Wilbert akatoa noti ya elfu kumi, mjomba akaongeza nyingine, ndipo Ernestine akakubali kuvutwa mkono akatoka na udongo mgongoni. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akija msibani hakasirikiwi. Waliokuwa wakilia walicheka machozi yakiwa bado yanatiririka, nami nilicheka mpaka nikaona aibu. Mama peke yake hakucheka.

Nalitanguliza hilo ili mjue ni mwanamke wa namna gani aliyetuamua siku ya kuanua matanga, tulipokaa uani kwetu Kakese kuitafutia bei Landrova ya baba.

Baba alikuwa dereva wa misheni. Misheni iliponunua magari mapya, ikamuuzia yeye hilo la zamani, refu, lenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana na turubai juu. Zamani lilikuwa la kijani. Siku hizi lina rangi ya kila fundi aliyewahi kuligusa. Mbele, pembeni ya dereva, kuna kiti kimoja, na kiti hicho baba alikiheshimu kuliko sebule yake. Kilikuwa cha wagonjwa, cha wajawazito waliozidiwa, na cha wageni. Kwenye wageni alijihesabu pia Katekista Cletus, mtu wa afya njema ambaye sijawahi kumsikia hata akikohoa, lakini gari likisimama tu, mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango wa mbele.

Mama alikaa nyuma. Ndoa yake nzima alikaa nyuma, juu ya magunia, akila vumbi na kuumwa na mbung'o kila tulipokatiza mbuga kwenda Majimoto. Hakulalamika, au labda alilalamika sisi tukiwa hatusikii.

Macho ya baba yalipoanza kufifia, usukani nikaushika mimi. Nanunua mpunga Majimoto na kuuza mchele Mpanda mjini, na bila gari hilo biashara yangu haina miguu. Sitawaficha: nililitaka. Niliogopa kulikosa kiasi kwamba hata katikati ya msiba nilikuwa natoka nje kwenda kuligusa bodi, kisha najilaumu kwamba nalilia gari badala ya baba. Nadhani nilikuwa navililia vyote viwili.

Tatizo ni kwamba warithi tulikuwa wanne, mama na sisi watoto watatu, na kikao cha ukoo kilishaamua kwamba mafungu yawe sawa. Anayelitaka gari awalipe wenzake. Bei ikipaa, nimelikosa. Bei ikishuka mno, nimewaibia ndugu zangu na mama aliyenizaa.

Wilbert ndiye mkubwa, anafanya kazi ofisini Dodoma. Alianza yeye, simu mkononi.

"Hii hapa," alisema, akituonyesha picha. "Aina ileile, umri uleule. Imeuzwa Ulaya. Kwa pesa ya kwetu ni kama milioni sitini."

Heri, mdogo wetu anayeuza spea za pikipiki mjini, alichungulia. "Kaka, hiyo ina vioo."

"Vioo vinanunuliwa."

"Na sakafu je? Ya kwetu ukikaa mbele unaona barabara inapita chini ya miguu. Mimi nimeongea na Maduhu, yule wa chuma chakavu. Anatoa milioni mbili, anakuja na lori lake mwenyewe. Tugawane, yaishe."

"Mmoja anauza dhahabu, mwingine anauza sufuria iliyotoboka," nikasema. Mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

"Na wewe unalitaka bure," Heri akajibu.

Lilinichoma. Nikasema ambalo sitalirudia hapa, naye akasema lake, Wilbert akatupigia kelele wote wawili, na kufumba na kufumbua uani kwa marehemu pakawa kama mnadani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono mapajani. Tangu mazishi alikuwa akijibu ndiyo na hapana tu. Niliona anavyotuangalia, na bado sikunyamaza.

Ndipo honi ikalia.

Tuligeuka wote. Ernestine alikuwa ameketi nyuma ya usukani, amevaa kofia ya baba na koti lake la kaki. Alijikohoza kama baba. Akatema mate dirishani kama baba. Kisha akagonga dashibodi kwa vidole na kusema kwa sauti nzito, "Twende mama, twende," maana baba aliliita gari hilo mama kila lilipogoma kuwaka. Mama aliinua uso kutoka kwenye mkeka.

"Nyie watumwa wangu," Ernestine akasema, "mnagombania gari mwenyewe nikiwa nimekaa ndani? Hamna adabu. Mmelelewa na nani nyie?"

"Na wewe," mjomba akajibu kutoka kivulini, na watu wakacheka.

"Basi nisikilizeni, maana fungu sina na deni la mtu sina. Anayetaja bei, ataje bei ambayo yuko tayari kununulia, na bei hiyohiyo awe tayari kuuzia. Yeye anataja, wenzake wanachagua. Wakimwambia chukua, analipa. Wakisema tunachukua, anaachia. Wilbert, wewe umesoma, anza. Ulisema ngapi?"

"Sitini," Wilbert akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wenzake mnasemaje?"

"Chukua, kaka," Heri akasema haraka.

"Chukua," nami nikasema.

Wilbert alitazama simu kana kwamba ingemjibia. "Kwanza ni lazima niongee na mke wangu."

"Mpigie, tunasubiri," Ernestine akasema, akajiegemeza kitini. Wilbert akashuka hadi thelathini. Tukamwambia chukua. Akaanza kueleza habari za ada za shule, mpaka hata wanae wakamcheka, naye mwishowe akacheka na kuirudisha simu mfukoni.

"Heri. Wewe ulisema mbili."

"Mbili. Na sijifichi."

"Nachukua."

Neno lilinitoka kabla hajafunga mdomo. Watu waliguna. Heri alishangaa, kisha akainua mabega, maana kanuni ilikuwa imekubaliwa mbele ya wote. Gari lilikuwa langu. Nilifurahi, na furaha hiyo ilidumu mpaka Ernestine aliponigeuzia uso chini ya kofia ile.

"Kasilda," akasema kwa sauti ya baba. "Ni gari hilohilo ulilokuwa unaliendesha?"

Nikamwangalia mama. Kwa bei ile fungu lake lingekuwa laki tano. Nilijiona mwizi mchana kweupe, na mbaya zaidi, mwizi aliyeshangiliwa.

"Hapana," nikasema. "Bei ya Heri ni bei ya mtu asiyelijua. Mimi nalijua."

Nikawaambia yote, kama mtu anayemuuza ng'ombe aliyemkamua mwenyewe. Injini ilifunguliwa mwaka juzi na kufungwa upya, nami nilisimama pale mpaka mwisho. Chesisi haina ufa wala kutu ya kutisha. Linavuta matopeni Majimoto wakati malori yamelala. Lakini gia ya pili inachomoka, lazima uishike kwa mkono. Sakafu imeoza, turubai limechanika, na petroli linakunywa kama liko harusini.

"Milioni kumi na mbili," nikasema. "Kwa bei hiyo nanunua. Na kwa bei hiyo naachia."

Akiba yangu yote, mpunga wa misimu miwili, haikufika hata nane, na mafungu ya wenzangu watatu yalikuwa tisa. Wakiniambia chukua, itabidi nikope. Wakisema tunachukua, limekwenda. Na Wilbert, ambaye sitini zilimshinda, kumi na mbili angeziweza. Nilimwona akilizunguka gari, akiinama kuangalia chini, akipiga teke tairi. Sasa alikuwa analitazama kweli, si kwenye simu.

"Bei ya haki hiyo," akasema taratibu. "Hapo sina ubishi. Tatizo ni kwamba Dodoma kuna watu wanayatafuta haya kwa ajili ya mashamba. Kwa bei hiyo, Kasilda, hata mimi..."

Hakumalizia, lakini kila mtu alielewa. Mimi niliangalia chini. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na sikutaka kulipata gari la baba kwa machozi.

"Fungu langu siuzi."

Alikuwa mama. Alisimama, akakung'uta kanga yake, akapita katikati yetu bila kumwangalia mtu. Akazunguka upande wa pili wa gari, akafungua mlango wa mbele na kuketi. Akajiweka sawa. Akaufunga mlango, ukagoma, akaufunga tena kwa nguvu.

"Yale matatu gawanyeni mnavyotaka," akasema dirishani. "La kwangu ni hiki kiti. Atakayelichukua gari anachukua na mimi humuhumu. Wilbert, nasikia Dodoma mwezi wa sita kuna baridi. Utaniletea blanketi."

Ernestine alimtazama jirani yake mpya toka kichwani hadi miguuni.

"Josephina," akasema kwa sauti ya baba, "hicho kiti ni cha wagonjwa."

"Nimefiwa na mume," mama akasema. "Wewe unaujua ugonjwa unaozidi huo?"

Kisha akacheka. Alianza kidogo, mkono mdomoni, halafu kicheko kikamshinda, akainamia dashibodi akicheka na kulia, na Ernestine akaivua kofia ya baba na kumkumbatia, kwa mara ya kwanza bila utani. Nilikimbilia dirishani nikamshika mama bega. Nilimlilia baba hapo kuliko nilivyomlilia kaburini, na sikuona aibu.

Wilbert alikuja nyuma yangu akifuta macho kwa tai.

"Chukua, dada," akasema. "Gari lenye mama ndani sina pa kulipeleka."

"Chukua," Heri akasema. "Na lile neno la bure nimelifuta."

Nikawalipa milioni tatu kila mmoja, na sikulazimika kukopa. Fungu la mama halikupewa bei yoyote, maana mwenyewe alikuwa amelikalia.

Kwa Ernestine haikuwa rahisi hivyo. Aligoma kushuka kwenye kiti cha dereva. Akaletewa jogoo, akasema jogoo amekonda kama marehemu. Akaletewa kanga, akaipokea na hakushuka. Wali tulimpelekea humohumo garini, akala na mama, sahani moja katikati, wakimsengenya baba kwa furaha. Mwishowe akataja fidia yake: arudishwe mpaka Majimoto kwa Landrova hiyo, na kofia ya Gervas iwe yake.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka. Nyuma walipanda Ernestine na kofia yake na jogoo wake, Heri, Wilbert aliyesema anataka kuhakikisha hiyo gia ya pili kwa macho yake, na watoto wasiohesabika. Mama alikuwa mbele. Alikuwa amevaa kitenge kipya na alikuwa amekaa wima kama anapigwa picha. Gari liligoma kuwaka. Kabla sijasema kitu, mama alinyoosha mkono na kugonga dashibodi kwa vidole.

"Twende mama," akasema, na likawaka.

Pale njia panda ya kutokea kijijini alikuwa amesimama Katekista Cletus na mkoba wake, anasubiri usafiri kama kawaida. Nikasimama. Hata salamu hakutoa kwanza; alikuja moja kwa moja upande wa mbele, akashika mlango na kuufungua. Akakutana na magoti ya mama.

"Habari za asubuhi, katekista," mama akasema.

"Nzuri, mama. Nzuri sana." Aliangalia kiti, akamwangalia mama, akaniangalia mimi, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye usukani. "Pole bado na msiba."

"Asante. Nyuma kuna nafasi."

Mama akauvuta mlango akaufunga, na safari hii ulifungika mara moja. Nilisikia watu wakisogea huko nyuma, na Ernestine akimkaribisha katekista kwa maneno yasiyofaa kuandikwa. Nikaweka gia ya kwanza, kisha ya pili, nikaishikilia kwa mkono. Barabara ilifunguka mbele yetu, nyekundu na ndefu, na jua lilikuwa limeshika majani ya miombo pande zote mbili. Mama aliitazama.

"Kumbe," akasema, "miaka yote hiyo vumbi lilikuwa la nyuma tu."

Nikakanyaga mafuta. Na huko nyuma, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamsikia Katekista Cletus akikohoa.