Mbwa wa Kurudishwa

Msimamizi wa kituo cha kuokoa mbwa alinipigia simu kazini. "Dada, mama yako amerudisha mbwa tena. Huyu wa tatu sasa. Njoo tuzungumze, maana hatumwelewi."

Hata mimi sikumwelewa. Jumapili tu nilimkuta mama jikoni, mbwa kamlalia miguuni, naye anamsimulia habari za majirani. Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akiongea hivyo ndani ya nyumba ile. Mtu usiyempenda humpi umbeya.

Nilimkuta kituoni amekaa wima kwenye benchi, mkoba mapajani. Mbwa alikuwa chini ya benchi, kaogeshwa, manyoya yamechanwa, na kando yake bakuli lililosuguliwa likang'aa. Msimamizi akanivuta pembeni. Akasema wale wawili wa kwanza walirudi hivyohivyo, wasafi, wanene, watulivu. Aliyechoshwa na mbwa humleta na malalamiko tele: kauma watoto, katafuna kochi. Mama hana lalamiko hata moja.

"Akimwacha huyu pia, hatutampa mwingine. Mbwa si viatu vya kujaribu dukani."

Hasira zilinipanda, sijui dhidi ya nani. "Mama, mbwa kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Sasa unamrudisha kwa nini?"

Alinitazama kama niliyeishiwa akili. "Si amepona? Alikuja anajificha nyuma ya jiko, akisikia mlango anajikojolea. Sasa anakula, analala, anabweka kama wenzake. Wenyewe wamchukue."

"Wenyewe akina nani?"

Akamwonyesha msimamizi kwa kidevu.

"Si mlikuja kunikagulia uzio kabla ya kunipa?" mama alimuuliza. "Si mnapiga simu kila wiki, amekula, amelala? Mtu anayemuulizia mwanawe hivyo, anamtaka. Tena mliniambia nisimpe mtu mwingine, arudi hapahapa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Mimi singoji kudaiwa cha watu."

"Mama, kurudisha ni kama umeshindwa kukaa naye," msimamizi alisema polepole. "Simu zilikuwa za kujua mnaendeleaje. Mbwa alikuwa wako tangu ulipotoka naye getini."

Mimi ndiye niliyempeleka mama pale mara ya kwanza, nikasaini, nikakimbilia kazini. Hakuna aliyemwambia kuwa mbwa anakuwa wake moja kwa moja, kwa kuwa kila mmoja aliona ni jambo linalojulikana.

"Yule mwenye sikio moja je?" mama aliuliza.

"Naye alikuwa wako."

"Na yule mweusi?"

Msimamizi aliinamisha kichwa. Wote wawili, alisema, walikwishachukuliwa na watu wengine.

"Yule wa kwanza nilimlilia njia nzima," mama alisema. "Nikajiambia, ndiyo kazi niliyoikubali, nivumilie."

Nilichukua bakuli nikalirudisha kwenye mkoba wake. Hakuinuka. Alishika mkanda wa mbwa kwa mikono miwili, akimwangalia msimamizi, kisha mimi, kisha msimamizi tena.

"Kwa hiyo huyu nikimzoea, nani atakuja kumchukua?"

"Hakuna, mama," nilisema.

Hakuniamini. Tulipokuwa tunaelekea getini, mbwa mbele yetu, aligeuka nyuma kila baada ya hatua chache, kuangalia kama kuna mtu anatufuata.